Mdogo Wangu, Kisu cha Guka Usikitoboe

Haya, sogea tuongee, na hiyo simu iweke chini kidogo. Umeniambia unataka kisu cha guka, babu yetu, kile cha mpini wa mbao, kifunguke kwa kidole gumba kama vile unavyoviona kwenye video. Tena umeshapata fundi wa jua kali hapa Kenol wa kukutobolea tundu la kidole kwenye ubapa. Nilicheka, kisha moyo ukanishtuka. Usione haya, si wewe wa kwanza. Sote tunapenda kitu chenye sura ya zamani na wepesi wa leo. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Hamu yako naielewa. Anayebebesha maparachichi anajua: mkono mmoja umeshika kijiti cha Hass, na kisu chenye kijialama cha kufungulia kwa ukucha kinadai mikono miwili. Mwisho unakifungua kwa meno. Wewe nakujua, usikatae.

Lakini hebu kitazame kisu chenyewe. Ubapa wake ni mwembamba, na kikikunjwa unazama karibu wote ndani ya mpini. Tundu nalo litazama. Kidole kitaligusia wapi? Visu vya tundu vina nundu mgongoni kwa sababu hiyo. Mmarekani Sal Glesser, wa kampuni ya Spyderco, alipotoa kisu chake mwaka 1981, ubapa ulijitokeza juu ya mpini ili tundu libaki nje hata kikiwa kimekunjwa. Cha guka hakikuumbwa hivyo. Halafu chuma kigumu kikichimbwa kwa drili hupata moto, na kikishapata moto hulegea. Utabaki na kisu chenye tundu lisilofikika na makali yasiyokaa, na mama akuulize umekifanyia nini kisu cha baba yake. Utamjibu nini?

Tuseme kimekubali kufunguka. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, mdogo wangu. Kisu hicho hakina kufuli, kina springi tu mgongoni, na springi hushikilia, haizuii. Mimi niliwahi kusukuma ncha ya kisu kama hicho kwenye gome kavu la mwembe. Kikanikunjikia kwenye kidole cha shahada, nikakaa wiki mbili nikifuliwa nguo na watu. Kovu unalijua, tangu utotoni unaliuliza.

Wala usidhani wazee hawakuijua kufuli. Kuna visu vya Okapi, vilivyoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa soko la Afrika, vyenye mpini wa mbao na nakshi za mwezi na nyota: usipoivuta pete ya mgongoni, havikunjiki. Wafaransa wa Opinel walianza mwaka 1890, na pete yao ya kuzuia ubapa ikaja 1955. Kwa hiyo ukienda kununua, na ununue, sikukatazi, usianze kuuliza kinafungukaje. Uliza kinazuiwa na nini kisikufungikie. Siku hizi viko vya mpini wa mbao au pembe, sura ileile ya babu, vyenye tundu, au kiulimi cha kusukuma kwa kidole, na bapa la ndani linaloteleza kushika ubapa. Kabla ya kulipa, kifungue, toa vidole njiani, kisha ugonge mgongo wa ubapa polepole kwenye meza. Kikilegea, mrudishie mwenyewe na umuage vizuri. Na bapa hilo lina hila yake: ukikifunga, kidole gumba hupita palepale makali yanaporudia. Kifunge ukikiangalia, si ukipiga soga. Utomvu nao hukwamisha bawaba, kwa hiyo uufute jioni hiyohiyo.

Jambo jingine, na hapa nakukazia macho. Hiyo chwa-chwa-chwa ya kufungua na kufunga ndani ya matatu ya Thika, acha. Mama wa watu anakumbatia mkoba wake, makanga anakutazama vingine, na sheria ya Kenya haipendi mtu mwenye silaha hadharani asiye na sababu ya haki. Kwenye mfuko wa kazi, pamoja na nailoni za kufungia na vijiti vyako, kisu kinajieleza chenyewe. Mkononi steji, utakieleza wewe, na ninavyokujua ukiulizwa kwa ukali unaanza kugugumiza.

Cha guka kitie tone la mafuta kwenye bawaba. Jumapili ukija utanimenyea nanasi kwa hicho, umeketi, ukikifungua kwa ukucha.