Anzia Kituo cha Kushukia

(Jioni, barazani kwa karani mstaafu wa reli, mtaa wa Makongeni, Nairobi.)

BINTI: Kuna chuo cha ng'ambo kinanipa digrii ya biashara kwa miezi sita, mtandaoni. Punguzo la karo linaisha usiku wa leo.

MZEE: Kaa hapa penye mwanga. Wamekuuliza matokeo yako ya kidato cha nne, ya KCSE?

BINTI: La. Wanasema miaka yangu mitano ya kaunta dukani inahesabiwa kama masomo.

MZEE: Hapo ndipo hofu yangu inapoanzia. Hapa Kenya digrii hutaka C+ ya KCSE, au diploma ya kupandia, na kwa kawaida huchukua miaka minne. Chuo cha kweli hukuchuja kabla ya kukupokea. Hiki kimetaka nini kwako zaidi ya pesa?

BINTI: Picha ya kitambulisho tu. Lakini wana muhuri wa ithibati, tazama.

MZEE: Umetolewa na nani? Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua Axact, kampuni ya Karachi, Pakistani, iliyokuwa na mamia ya tovuti za shule na vyuo vya uongo. Walibuni hata mashirika ya kuvithibitisha vyuo hivyo. Kwa hiyo usibonyeze muhuri waliokuwekea wenyewe. Nenda kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa Kenya wanayo, na kama chuo ni cha nje, waulize iwapo digrii yake inatambuliwa hapa.

BINTI: Basi kusomea kwenye simu ni hatari.

MZEE: Sikusema hivyo! Walimu wa nchi hii walisoma kwa posta na redio tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Watanzania walianzisha Chuo Kikuu Huria mwaka 1992. Sisi tulichelewa, lakini Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kule Konza, kilipewa hati yake Agosti 2023, na masomo yake ni ya mtandaoni. Mtu wa kazi kama wewe anastahili nafasi hiyo, na ninaitaka uipate.

BINTI: Nitachaguaje, sasa?

MZEE: Nilikaa miaka mingi kwenye dirisha la tikiti. Abiria akifika, nilimuuliza kwanza anashuka wapi. Wewe unashuka wapi?

BINTI: Nataka kuwa mhasibu.

MZEE: Ona! Hukuniambia hilo tangu ulipoketi. Wahasibu wa Kenya husajiliwa na taasisi yao, ICPAK, na njia hupitia mitihani ya uhasibu ya CPA, inayotolewa na bodi ya mitihani ya kasneb. Digrii peke yake, hata ya chuo kizuri, haikufikishi. Huenda pesa zako za kwanza zikafaa huko, digrii ifuate baadaye. Ungetaka uhandisi, ningekutuma Bodi ya Wahandisi kabla hujalipa popote, kwa maana chuo kinaweza kuwa na idhini na kozi yake isitambuliwe na bodi. Mtu wa sheria angeanzia Baraza la Elimu ya Sheria.

BINTI: Na kama mwajiri haangalii sana?

MZEE: Ataangalia siku moja. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa vyeti zaidi ya 2,000 vya watumishi vilikuwa ghushi. Watu walikuwa kazini tayari, wana watoto shuleni, wana mikopo. Tikiti hukaguliwa treni ikiwa inakwenda, binti yangu.

BINTI: Pesa zenyewe ni za chama chetu cha kuchangiana, Mzee. Zamu yangu imefika wiki hii.

MZEE: Basi zikae. Kesho piga simu kasneb uulize ada na masharti, kisha uiandikie Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu jina kamili la chuo hiki. Mpaka Tume ikujibu kwa maandishi, usiwatumie hata shilingi moja.