Helikonia yangu haichanui, nakosea wapi?

SWALI: Bwana shamba, mwaka juzi nilipanda helikonia nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Majani yamestawi kama ya mgomba, lakini ua sijaliona. Kila shina likinizidi urefu nalikata. Nakosea wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Wabaya wako ni wawili: kivuli na panga.

Umeifananisha na mgomba, na kweli ni jamaa yake. Kila shina huchanua mara moja tu, baada ya kutoa majani kadhaa. Ukilikata mapema, umelikata na ua lake tumboni. Acha lichanue, ua linyauke, ndipo ulikate chini kabisa ili machipukizi yapate nafasi.

Mwembe nao unainyima jua. Masika yakianza, chimbua tunguu lenye machipukizi mawili matatu, ulihamishie panapopata jua angalau nusu siku, lakini pasipopigwa na upepo wa bahari, maana huchanachana majani. Changanya udongo na samadi iliyooza, tandaza majani makavu juu, na kiangazi mwagilia bila kutuamisha maji.

Ikiwa huko unakoihamishia udongo ni wa matumbawe, majani mapya yakiwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani, mara nyingi mmea umekosa madini ya chuma. Ongeza mboji. Majivu usiweke, yatazidisha tatizo.

Ukitaka maua ya haraka, tafuta aina fupi iitwayo Heliconia psittacorum. Hiyo hukubali hata kwenye chungu.