Lori Likikosa Nguvu Mlimani, Dizeli ya Ziada Si Dawa

Wakazi wengi wa Matasia, Kiserian na Ngong hutegemea malori na pikapu za dizeli kubeba maji, mawe na mifugo. Barabara ya Magadi huzitesa injini hizi: kutoka Magadi, iliyo karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, hadi Kiserian, gari hupanda zaidi ya mita 1,200. Lori likikosa nguvu, mwenyewe humwomba fundi alegeze skrubu ya pampu ili dizeli iongezeke. Nguvu hurudi kwa muda, kisha pistoni huungua.

Sababu ni hewa. Katika mwinuko wa karibu mita 2,000, kama wa Ngong, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takribani asilimia 18. Injini isiyo na turbo haivuti hewa zaidi kwa kuongezewa dizeli. Inayozidi hutoka kama moshi mweusi, huku joto ndani ya silinda likipanda. Pistoni nyingi ni za aloi ya alumini. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, na hupoteza uimara mapema zaidi. Dizeli ya ziada pia huosha oili kwenye kuta za silinda, na pistoni inaweza kukwama.

Kabla ya kugusa pampu, wenye magari wanashauriwa:

1. Kusafisha au kubadilisha chujio cha hewa. Vumbi huliziba haraka.
2. Kupima nozo kwa mashine. Nozo inayovuja huweza kutoboa pistoni.
3. Kuhakikisha taimingi ni ile ya kitabu cha gari. Ikiwa mapema mno, injini hugonga.
4. Kukagua rejeta, mkanda wa feni, maji na oili.

Pampu ikihitaji kurekebishwa, ifunguliwe na kupimwa kwenye mashine yake, kwa vipimo vya mtengenezaji, si kwa kusikiliza mlio.

Barabarani, dereva aingize gia ya chini kabla injini haijalemewa. Geji ya joto ikipanda, asimame mahali salama, aache injini ipoe polepole, wala asifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto.

Lori likizimika Corner Baridi likiwa na ng'ombe, hasara haiwi ya injini pekee.