Dondoo muhimu: Kondensa ya mvuke huku Machakos

Geji ya ombwe haijui mwinuko. Mombasa, kanieneo ya hewa ni takriban kilopaskali 101. Machakos mjini, karibu mita 1,600 juu ya bahari, ni kama 84 tu. Kwa hiyo geji ya huku ikisoma −74, usidhani ombwe ni hafifu. Ndani kumebaki 10, na mvuke hapo hugeuka maji kwenye nyuzi 46 hivi za Selsiasi. Usomaji uo huo Mombasa ungeacha 27: hasara tupu. Daftarini andika pia kanieneo ya hewa ya siku hiyo.

Ombwe likishuka, tafuta hewa kabla ya kulaumu mirija. Hewa kidogo ikipenya kwenye sili huizingira mirija kama blanketi, na joto hukwama. Pima joto la maji yanayokusanyika chini ya kondensa. Yakiwa baridi kuliko kanieneo inavyodai, ama hewa imeingia au maji yamepanda hadi kuzamisha mirija. (Olkaria, mvuke wa ardhini huja na kaboni dioksidi yake, hivyo gesi hufyonzwa saa zote.)

Kuhusu maji ya kupoza: maji ya visima vya Ukambani mara nyingi yana chumvi, nayo huacha ukoko. Mwendo wa maji mirijani wa mita 2 hivi kwa sekunde unafaa: polepole mno tope hutua, kasi mno mirija hulika. Mirija ya shaba isuguliwe kwa brashi ya nailoni, si ya chuma.