Kitenzi "Swoon" na Mtafsiri wa Kiswahili: Kuzirai au Kuzimia?

Mwanafunzi wa tafsiri akikutana na kitenzi cha Kiingereza swoon, aghalabu hukifasiri kuwa "kuzimia" na kusonga mbele. Makala haya yanashikilia kwamba uteuzi huo unahitaji kupimwa kwa muktadha.

Swoon kina maana mbili. Ya kwanza, iliyo kongwe, ni kupoteza fahamu kwa muda. Ya pili ni kulemewa na mapenzi au mvuto wa mtu. Hii ya pili ndiyo iliyotamalaki katika magazeti ya Kiingereza ya leo: mashabiki waki-swoon mbele ya mwimbaji, hakuna anayemwita daktari.

Kwa maana ya kwanza Kiswahili kina zirai, ghumiwa na zimia, hili la mwisho likitokana na zima, kama izimavyo taa au moto. Lakini zimia lina siri yake. Tukisema "Asha alizimia", tunatafuta maji ya kumnyunyizia. Tukisema "Asha alimzimia Juma" (mitaani husemwa pia "alimzimikia"), tunanusa harusi. Kiambishi cha yambwa ndicho kilichobeba mzigo ambao Kiingereza hukitwika kihusishi over. Ajabu ni kwamba lugha hizi mbili zimefuata njia moja ya kisitiari, kutoka kupotewa na fahamu hadi kupenda.

Tutazame tamthilia mbili za Shakespeare. Katika Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka 1963, Casca anasimulia jinsi Kaizari alivyokataa taji mara tatu, kisha akaanguka sokoni akitoka povu. Brutus anautaja ugonjwa wa kifafa. Hapa zirai linafaa zaidi, kwa kuwa halina harufu yoyote ya mahaba.

Katika As You Like It hali ni tofauti. Rosalind, aliyejigeuza mwanamume, anaonyeshwa kitambaa chenye damu ya mpenziwe Orlando, anaanguka. Oliver anaeleza kwamba wengi hupatwa na hali hiyo waonapo damu. Hadhira inajua zaidi: kilichomwangusha ni penzi. Mtafsiri akiandika "alizirai", atakuwa ameungana na Oliver. Akiandika "alizimia", damu na penzi vitabaki pamoja katika neno moja, na hadhira itacheka palipokusudiwa ichekee, Rosalind atakapozinduka na kudai kwamba alikuwa akiigiza tu.