Siasa Ndani ya Sahani: Kuzipima Taarifa za Chakula Zinazosambaa Mtandaoni

Mama lishe anayewapikia wachimbaji wadogo wa Runzewe aweza kupokea ujumbe katika simu yake kabla hajawasha moto: mchele fulani una sumu, mafuta fulani yanaharibu uzazi. Akiuamini, mlo wa watu wengi hubadilika siku hiyo hiyo. Katika somo hili tunamwomba mlaji autazame ujumbe, kisha autazame pia upande wa kisiasa unaoushabikia.

Tuanze kwa jirani, kwa kuwa lugha ni moja na mijadala ya Kenya hutufikia upesi. Tarehe 3 Oktoba 2022, chini ya miezi miwili baada ya uchaguzi mkuu, Baraza la Mawaziri la Rais William Ruto liliondoa katazo la mazao yaliyobadilishwa vinasaba, maarufu kama GMO, lililokuwapo tangu mwaka 2012. Raila Odinga, aliyeshindwa katika uchaguzi huo, alipinga uamuzi huo. Swali la mahindi likachanganyika na swali la kura, na haikuwa rahisi tena kwa msomaji kujua kama anasoma hoja ya chakula au majibizano ya uchaguzi.

Kwetu, mfano ulio wazi zaidi ni wa Machi 2024. Marekani ilitoa msaada wa mchele ulioongezwa virutubishi, maharage na mafuta ya kula kwa shule za mkoani Dodoma. Mitandao ikawaka. Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, alitaka wafadhili wanunue mchele wa wakulima wa Tanzania na virutubishi viongezwe humu humu nchini. Hoja hiyo ni ya sera: nani auze na nani anufaike. Mkulima wa mpunga wa Kahama ana kila haki ya kuiunga mkono, na sisi hatuoni ubaya wa mlaji kuwa na msimamo juu yake. Lakini katika mazungumzo ya watu hoja hiyo iligeuka kuwa jambo jingine kabisa, kwamba mchele ule ni GMO au ni wa kudhuru watoto.

Hapa ndipo tunapoomba utulivu. Kuongeza virutubishi ni kutia vitamini na madini katika chakula, na kufanya hivyo hakubadilishi vinasaba vya mbegu. Chumvi yenye madini joto imewekewa kanuni nchini tangu miaka ya 1990, na hatujui chama kinachoigombania. Kanuni za mwaka 2011 ziligusa pia unga wa ngano, unaotiwa madini chuma na asidi ya foliki, pamoja na mafuta ya kula, yanayotiwa vitamini A. Mzazi anayemkataza mwanawe uji wenye virutubishi kwa sababu ya ujumbe kama huo hamkomoi mwanasiasa yeyote. Anayekosa madini chuma ni mtoto.

Jaribio moja hutusaidia hata sisi wenyewe, maana nasi tuna vyama tunavyovipenda. Futa jina la kiongozi au la nchi lililomo katika ujumbe, uweke la upande unaoupenda, kisha usome upya. Ikiwa hofu imepungua, basi iliyokutisha ni siasa. Ikiwa hofu imebaki, uliza kinachodaiwa kuwamo katika chakula, ni kiasi gani, na nani amekipima.

Baada ya hapo rudi kwenye mfuko wenyewe. Soma jina la mzalishaji, viambato, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora ya TBS. Ukiwa bado na shaka, usiupike na usiutupe: hifadhi mfuko pamoja na risiti, upige picha lebo, umpelekee taarifa afisa afya wa kata au ofisi ya TBS iliyo karibu, kabla ya kuusambaza ujumbe huo kwa mtu mwingine.