SOMO: Mawe ya Ungwana Si Kifusi



Kikundi kimoja cha kujisaidia huku kwetu kilituuliza hivi: "Tunataka kujenga stoo ya mpunga yenye msingi wa mawe, maanake mafuriko yametuchosha. Lori moja la mawe ni pesa nyingi. Na kule kwenye magofu karibu na Kipini mawe yapo tu, hayana mwenyewe. Tukiyachukua kuna ubaya gani?"

Hatukutaka kuwajibu kwa neno moja la "msichukue", kisha tuende zetu. Haja yao ni ya kweli. Nani asiyekumbuka mvua za El Nino za 1997 na 1998? Na mafuriko ya 2023 na 2024 je, yaliyowahamisha watu wengi hapa Tana River? Mpunga ukiloa, jasho la msimu mzima limekwenda na maji. Basi tumeona tulifanye swali lao kuwa somo la vikundi vyote.

Magofu haya ni ya nini?

Ukitoka Garsen unafuata barabara ya Lamu hadi Witu, halafu unakata kuelekea baharini mpaka Kipini. Karibu na hapo, pwani, ndiko kuliko na Ungwana. Ulikuwa mji wa Waswahili. Wataalamu wa mambo ya kale wanasema watu walianza kukaa pale yapata karne ya 10, na mji ukaachwa karne ya 17. Maana yake watu waliishi pale zaidi ya miaka 600. Palikuwa na ukuta wa mji, nyumba za mawe, misikiti na makaburi. Msikiti mkuu ulijengwa upya na kupanuliwa, ishara kwamba watu waliongezeka. James Kirkman alichimba na kuchunguza mji huu miaka ya 1950, na kitabu chake juu ya Ungwana kikatoka mwaka 1966. Miaka ya 1980 Mkenya mwenzetu, George Abungu, alichunguza tena Ungwana na sehemu nyingine za kando ya mto Tana.

Kwa nini mji uliachwa? Si Ungwana peke yake. Gedi, kule karibu na Malindi, nayo ilihamwa karne hiyo ya 17. Wataalamu wanataja mambo kadhaa juu ya miji hii: vita, visima kupungua maji, na biashara kugeuka njia.

Walijengaje bila saruji?

Hapa mafundi wetu wasikilize vizuri. Wazee wale walitumia vitu vilivyokuwa karibu nao: matumbawe, chokaa na boriti za mikoko.

Matumbawe yalikuwa ya aina mbili. Yale ya nchi kavu ni magumu na hayana umbo, basi yalijazwa ndani ya kuta. Yale ya baharini yalitolewa majini yakiwa laini. Fundi aliyachonga upesi yakiwa bado mabichi, na yakikauka yanakuwa magumu. Hayo ndiyo yaliyotumika kwenye milango na kwenye kibla, mahali panapotaka urembo.

Chokaa waliitengeneza kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo kubwa la kuni, kisha ikamwagiwa maji na kuachwa muda mrefu ipoe kabla ya kutumika. Walijengea hiyo, na wakapiga lipu kwa hiyo. Ukuta ulikuwa na unene wa futi moja na nusu hivi.

Dari lilibebwa na boriti, na juu yake wakashindilia mawe madogo na chokaa. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba mzigo mzito kwa urefu mkubwa, ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba, kama futi 9 tu kwa upana, hata kama ni virefu. Ukiingia Gedi utaona hivyo hivyo. Na utaona pia vyoo na mahali pa kunawia ndani ya nyumba, karne nyingi kabla ya sisi kuanza kufundishana habari za choo barazani!

Lakini tusidanganyike. Waliokaa nyumba za mawe walikuwa wachache. Wengi wa watu wa miji hii waliishi katika nyumba za miti, udongo na makuti, kama nyingi za kwetu. Hizo zimeoza, mawe yakabaki.

Ni nani aliyejenga?

Zamani watu walifundishwa kwamba miji hii ilijengwa na wageni kutoka Arabuni na Uajemi, sisi tukawa watazamaji tu. Siku hizi imejulikana vizuri zaidi. Chini kabisa ya miji ya kale ya pwani hii huonekana vigae vya vyungu vilivyochorwa pembetatu, vya kati ya karne ya 7 na ya 10. Vyungu hivyo wataalamu wamevipa jina la mto wetu, Tana, ingawa vimepatikana kutoka visiwa vya Lamu hadi pwani ya Tanzania. Ni kazi ya mikono ya wenyeji. Na kule Shanga, kisiwani Pate, chini ya msikiti wa mawe zilionekana alama za misikiti ya kwanza iliyojengwa kwa miti. Kumbe watu walianza na miti, wakaendelea mpaka mawe, hatua kwa hatua.

Wageni walikuwapo, hatukatai. Mwaka 2023 wanasayansi walitoa matokeo ya kuchunguza mifupa ya watu wa baadhi ya miji hii. Waliona damu ya Afrika, zaidi upande wa akina mama, na damu ya Asia, hasa Uajemi, zaidi upande wa akina baba. Kwa hiyo ni mji wa majirani waliooana na wageni.

Basi, kwa nini tusiyachukue?

Kwanza, yana wenyewe. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inayalinda, na kuyaharibu ni kosa. Mwenyekiti wa kikundi asijekuwa wa kwanza kuitwa kituoni.

Pili, hayatawafaa sana. Ukuta ule ni vipande vilivyoshikana na chokaa. Ukiupiga nyundo, nusu ya kazi yako inakuwa vumbi. Na ukitoa jiwe moja chini, mvua inaingia, mizizi inafuata, na ukuta mzima unalala.

Tatu, ardhi ile ni kama daftari. Kigae kilichoachwa mahali pake kinaeleza mwaka na kazi yake. Kikifukuliwa ovyo, au mtu akichimba kutafuta hazina, ukurasa umechanwa na haurudi.

Nne, na hili ndilo linalotugusa zaidi. Pale Golbanti kuna makaburi ya wamisionari wa Methodisti, bwana Houghton na mkewe, waliouawa mwaka 1886. Je, tungekubali mtu aje na lori kuyabomoa ajengee stoo? Hapana. Na kule Ungwana kuna misikiti na makaburi pia. Jirani zetu Waislamu wanastahili heshima ile ile tunayoitaka sisi. Kaunti hii imeshamwaga damu ya majirani, mwaka 2012 hatujausahau. Jiwe moja la kaburi linaweza kuwasha moto ambao stoo kumi hazitauzima.

Tusome Yoshua sura ya 4. Waisraeli walipovuka Yordani waliambiwa wachukue mawe kumi na mawili wayasimamishe, ili siku moja watoto wakiuliza, wazazi wawe na la kuwaeleza. Sisi watoto wetu wakiuliza, tutawaonyesha nini?

Tujenge na nini?

Stoo lazima ijengwe, hilo tunakubaliana. Mambo matatu:

1. Chagueni mahali palipoinuka. Waulizeni wazee maji ya 1997 yalifika wapi, mkapige alama.

2. Msingi uwe wa mawe ya machimbo halali, hata kama ni kidogo kidogo kila mwezi kwa mchango wa wanachama. Sakafu iinuliwe juu ya alama ya maji.

3. Kuta zaweza kuwa za matofali ya udongo na saruji kidogo, yanayogandamizwa kwa mashine ya mkono. Udongo mweusi wa mafuriko haufai, unapasuka. Jaribuni hivi: tieni udongo na maji ndani ya chupa safi, tikiseni, acheni utulie. Mchanga utakaa chini na udongo mfinyanzi juu. Mchanga ukiwa mwingi kuliko mfinyanzi, mko karibu.

Na magofu yanaweza kuleta faida bila kubomolewa. Pale Gedi, tangu 1993, mradi wa Kipepeo umewawezesha wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuuza pupa wao nje ya nchi. Gedi yenyewe iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Hatusemi Kipini itakuwa Gedi kesho. Lakini mahali palipobomolewa hapana kesho yoyote.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika kijiji chetu kuna mahali gani pa kale? Nani anapajua vizuri, na je, vijana wameshapelekwa?

2. Tukiona mtu anachimba au kubeba mawe, tutamwambia nani: chifu, wazee, au watu wa Makumbusho? Tukubaliane leo.

3. Ni mzee gani wa jirani zetu, wa dini nyingine au kabila jingine, tutakayemwalika mkutano ujao atueleze habari za Ungwana kama alivyozisikia kwao?